Uzee Hauangushi Mtu

Simu ya mathe iliingia saa moja kasoro asubuhi nikiwa kwenye foleni ya matatu Githurai. "Shosho ameanguka." Nikauliza ameangukaje. Akanyamaza kidogo, halafu akanijibu kama anayenikumbusha kitu nilichopaswa kukijua: "Si unajua tu ni uzee."

Kufika jioni nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa shangazi, kwa jirani aliyemkuta, kwa daktari wa zamu aliyeshika eksirei ya nyonga iliyovunjika, na kwa mzee wa kanisa aliyekuja kuomba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasema mara mbili: kwa bosi nikiomba ruhusa, na kwa rafiki aliyenitumia pole. Ni uzee. Kila mtu akatikisa kichwa, na hakuna aliyeuliza swali lingine.

Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa sasa na nimefika mahali pa kusema wazi: ni uongo. Ni uongo mtamu kwa sababu hauna mkosaji. Ukishasema ni uzee, hakuna aliyesahau kubadilisha balbu, hakuna aliyeandika dawa bila kuuliza, hakuna aliyekaa Nairobi mwaka mzima akituma pesa na emoji. Acha nieleze ilivyokuwa usiku ule, nawe uniambie uzee uko wapi.

Shosho ana miaka 79 na anaishi Murang'a, yeye na ng'ombe mmoja na kuku zake. Msichana anayemsaidia huenda kwao jioni. Saa mbili usiku Shosho alitoka nyumba kubwa kwenda kufunga mlango wa jiko, ambalo liko nje kama majiko mengi ya kule. Mvua ilikuwa imenyesha. Balbu ya veranda ilikuwa imeungua tangu Agosti. Miguuni alikuwa na patipati zilizolika chini mpaka zikawa laini kama kipande cha sabuni. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho. Alikuwa na mafua, kwa hiyo alikuwa amemeza Piriton, juu ya dawa za presha ambazo kliniki ilikuwa imemwongezea wiki mbili kabla. Akakanyaga vigae vyenye maji, mguu ukateleza, akanyoosha mkono, na hapakuwa na kitu cha kushika.

Simu ilikuwa ndani, juu ya meza. Alilala hapo sakafuni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, jirani alipokuja kuchukua maziwa. Masaa kumi.

Sasa hesabu. Maji, giza, patipati, jicho, dawa, vigae, ukuta usio na kishikio. Mambo saba. Uzee ni lipi hapo? Labda utasema jicho, lakini mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo ambao mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sikatai kwamba mwili wa miaka 79 si wa miaka 25. Misuli hupungua, mifupa ya wanawake huwa myepesi baada ya hedhi kukoma, mguu huchelewa kujishika ukiteleza. Ndiyo maana mimi nikiteleza pale pale nitacheka, na Shosho atavunjika. Lakini uzee ulikuwa naye Jumapili yote akienda kanisani na kurudi, na hakuanguka. Uzee humweka mtu karibu na ukingo. Kuna kitu kingine kinachomsukuma, na kitu hicho huwa kina jina na mara nyingi kina mwenyewe.

Vigae, kwa mfano, mwenyewe ni mimi. Bonasi yangu ya kwanza kazini niliipeleka shags. Veranda ilikuwa ya simiti chakavu, yenye mikwaruzo, ambayo Shosho alikuwa ameikanyaga miaka thelathini akiwa na matope na bila matope. Nikamlipa fundi aweke vigae vyeupe vinavyong'aa. Nikapiga picha nikaweka status. Watu wakaandika "baraka tele". Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza, kama mguu wenye maji unaweza kusimama juu ya kioo. Kote nchini tunafanya hivi: tunawajengea wazazi nyumba zinazopendeza kwenye simu. Sakafu ya kuteleza, ngazi tatu za mbele zisizo na chuma cha pembeni, zulia dogo mlangoni linalokunjika, bafu kama la hoteli ambalo hakuna pa kushika ukitoka. Tunawapa nyumba yetu ya ndoto, nao ndio wanaoanguka ndani yake.

Lakini vigae si kosa letu kubwa zaidi. Kubwa zaidi tulilifanya kwa upendo.

Mwaka mmoja kabla ya usiku ule, Shosho alianguka sokoni. Hakuumia, alichubuka goti. Familia ikafanya kikao kwa WhatsApp, na kwa dakika ishirini tukaamua maisha yake. Asiende shamba tena. Asikate nyasi za ng'ombe. Aandikiwe msichana wa kufanya kila kitu. "Shosho, wewe kaa tu, umefanya kazi ya kutosha." Tukajiona watoto wema. Mama aliyepanda na kushuka miteremko ya Murang'a tangu akiwa msichana tukamweka kwenye kiti cha plastiki, tukamwekea redio, na miguu ikaanza kunyauka. Msuli usiotumika hupungua kwa kila mtu, na kwa mzee hupungua haraka zaidi na kurudi polepole. Asiyetembea huwa dhaifu, akiwa dhaifu huogopa, akiogopa hutembea kidogo zaidi, na siku moja lazima asimame akafunge mlango wa jiko.

Kuna jambo lingine ambalo nililijua baadaye, akiwa wodini. Alikuwa ameanguka mara nyingine, miezi minne kabla. Alama ya damu mkononi alituambia ni ng'ombe alimsukuma. Nikamuuliza kwa nini alitudanganya. Akaniangalia kama mjinga. "Mara ya kwanza mlichukua shamba," akasema. "Ya pili mngechukua nini?"

Wazee wanaficha kuanguka kwa sababu sisi tunakuadhibu. Ukianguka unanyang'anywa jembe. Ukianguka tena unanyang'anywa funguo za nyumba na kuhamishiwa chumba cha wageni kwa mtoto wako Kitengela, ghorofa ya nne, pasipo mtu unayemjua. Kwa hiyo wananyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kunakoua, maana mtu aliyeanguka mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka tena. Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa taarifa. Sisi tukaifanya hukumu.

Kiswahili kimetupa msemo wa kutuliza dhamiri: ajali haina kinga. Tuliutumia sana kwa matatu. Gari likibingirika tulisema ni ajali, ni siku zao, Mungu awalaze pema. Halafu mwaka 2004 akaja John Michuki, waziri wa uchukuzi na mtu wa Murang'a huyo huyo, akasema kila abiria afunge mkanda na kila matatu iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wenye magari waligoma. Lakini tangu hapo gari likiua hatusemi tena ajali haina kinga. Tunauliza: dereva alikuwa anakimbia? Breki zilikuwa nzima? Mkanda ulifungwa? Tulijifunza kuuliza, hata kama utekelezaji umelegea.

Kuanguka hakujapata Michuki wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Katika majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani tu zinazoua zaidi, na wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu waliopita miaka 60. Anayevunjika nyonga akapona si lazima arudi alivyokuwa: katika nchi nyingi zilizofuatilia jambo hili, kama mmoja kati ya watano, au zaidi, hamalizi mwaka. Kifo hicho huandikwa nimonia, au vidonda, au moyo. Kwenye tangazo la kifo tunaandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Hatuandiki: baada ya balbu.

Najua utaniambia hii ni mambo ya wazungu, mashine na madaktari bingwa ambao sisi hatuna. Hapana. Kupima nani yuko hatarini kunahitaji kiti, saa na mtu anayejali. Nimejifunza kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyemhudumia Shosho, na nakupa bure.

Kwanza maswali matatu. Umeanguka mwaka huu? Ukisimama au ukitembea, unajihisi huna uthabiti? Unaogopa kuanguka? Ndiyo moja inatosha kukufanya uangalie zaidi.

Halafu kiti. Mzee akae akiwa na viatu vyake vya kila siku, na fimbo yake kama anatumia. Pima mita tatu mbele yake, weka alama. Mwambie asimame, atembee mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Washa saa ya simu. Sekunde 12 au zaidi, kuna hatari. Na usiangalie saa tu, mwangalie yeye: anajisukuma kwa mikono ili ainuke? Anashika ukuta? Anageuka kwa hatua nyingi ndogo ndogo?

Baadaye, kiti kile kile, kikiwa kimeegemea ukuta. Akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa umri wa Shosho akishindwa kufikisha mara 10, miguu imepungua. Mwisho, asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama anayetembea juu ya kamba. Kaa karibu umshike. Asipofikisha sekunde 10, umepata jibu.

Presha nayo ina siri yake. Mzee wako anapimwa akiwa amekaa, anaambiwa iko juu, anaongezwa dawa. Nani alimpima akiwa amesimama? Mtu alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, ndicho kile kizunguzungu anachokipata akiamka usiku kwenda choo. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe, hilo nalo linaua. Weka zote kwenye mfuko, za hospitali na zile za kununua dukani, upeleke kwa daktari umuulize kila moja inafanya kazi gani. Za usingizi, za wasiwasi, na za mafua zinazolegeza mwili kama Piriton, ziulizie mara mbili.

Kuhusu miguu, habari ni nzuri kuliko unavyodhani. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 108 kutoka nchi 25, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Hayahitaji gym. Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand kilitengeneza mazoezi ya kufanyia nyumbani, yakajaribiwa kwa watu wa miaka 80 na zaidi: kusimama na kukaa, kunyanyuka kwa vidole vya miguu ukishika meza, kutembea kwa upande, uzito kidogo kwenye kifundo cha mguu. Tafakari hilo. Tiba mojawapo bora ya kuanguka ni kutumia miguu, na sisi dawa tuliyompa Shosho ilikuwa kiti cha plastiki.

Wengine wananiambia wazee ni wabishi. Ukimwambia avue patipati anakataa, ukimnunulia fimbo anaificha. Ni kweli, Shosho alikataa fimbo. Alisema fimbo ni ya watu wazee. Lakini sisi tulimletea kama mtu anayeleta hati ya kifo, mbele ya wageni, bila kumwonyesha inavyoshikwa. Mara ngapi umemuuliza mzee wako anataka kuendelea kufanya nini? Ukimwambia "usianguke" atachoka nawe. Ukimwambia "tunataka ufike kwenye kahawa yako na urudi", hapo mna kazi ya kufanya pamoja.

Na pesa? Balbu. Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika. Bomba la chuma ambalo fundi wa jua kali atalichomelea na kulifunga kwenye veranda na kando ya njia ya choo kwa siku moja. Vibanzi vya kuzuia utelezi, au simiti ya mikwaruzo irudi pale ilipokuwa. Ile mulika mwizi ya vibonyezo itiwe kamba avae shingoni, na afundishwe kuinuka: ajigeuze kwa upande, apige magoti, asogee mpaka kwenye kiti, apande nacho. Yote haya kwa pamoja hayafiki nilicholipa vigae.

Lakini nisikuachie serikali iondoke bila kuguswa. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na Serikali. Na Serikali, imeandikwa. Inua Jamii huwapa waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, pesa ambayo mzee huifuata mjini, akipanda matatu ambayo makanga anapiga bodi kabla mguu wa pili haujaingia, akishukia mtaro usiofunikwa. Mji huu umejengwa kwa ajili ya mtu wa miaka 25 anayekimbia, na hata yeye huvunjika kifundo.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kufanywa kesho. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba na mashine za presha, wa kutembelea nyumba hadi nyumba. Wa kijiji chetu ni mama mmoja mwenye bidii. Alimpima Shosho presha akiwa amekaa, akamwuliza choo, maji, chandarua. Hakumwuliza kama ameanguka, kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize. Maswali matatu, kiti kimoja, presha ya kulala na ya kusimama: robo saa. Mwakilishi wa wadi wako akija kuomba kura, muulize kwa nini robo saa hiyo haipo.

Na muulize hivyo ukijua unajiulizia mwenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliofika miaka 60, na idadi hiyo inapanda. Sisi tunaojiita vijana ndio tutaijaza. Ngazi tunazozizoea leo za ghorofa ya tano bila lifti zitatusubiri.

Shosho yuko hai. Alisubiri upasuaji siku tisa, akafanyiwa, akarudi nyumbani na fremu ya kutembelea. Mwanzo aliweza kusimama kutoka kwenye kiti mara mbili kwa sekunde 30, huku analia. Jumamosi iliyopita alifika nane, nikiwa nashika simu na yeye akinifokea kwamba nahesabu polepole. Miwani ilikuja, jicho limeandikiwa tarehe, vigae tuling'oa. Fundi aliuliza kwa nini tunaharibu kitu kizuri. Shambani hajafika bado. Ni mteremko wa hatua mia na kidogo, tumeweka bomba nusu ya njia.

Kwa hiyo piga simu leo, usingoje Desemba. Usiulize "Uko salama?" Atakujibu yuko salama, wote hujibu hivyo. Mwambie kwanza kwamba hakuna mtu atakayechukua jembe lake. Halafu muulize ameanguka mara ngapi mwaka huu, unyamaze, umsubiri ajibu.